Waya za Marehemu Donat

Jumatano asubuhi mtoto Abigaïl alimwambia bibi yake kwamba kitanda kinamuuma. Alikuwa na miaka minne, matongo bado machoni, na alisema kama wanavyosema kwao Naviundu: "Kambo, kitanda inaniluma." Mama Victorine alimjibu kwamba kitanda hakina meno, akamvalisha, akampa mkate. Lakini alijua mtoto anasema kweli. Yeye mwenyewe, tangu mvua za Novemba zianze, kila alipoteremsha miguu kwenye sakafu yenye unyevu na kushika chuma cha kitanda, alihisi kitu kikimtembea mkononi hadi kwenye kiwiko. Alikuwa amenyamaza. Angemwambia nani? Fundi wa umeme pekee katika ukoo mzima alikuwa mkwe wake Guelor, na Guelor alikuwa mtu aliyemchukia kwa moyo wake wote, bila kuficha na bila kuona haya.

Chuki hiyo ilikuwa na tarehe yake. Ilizaliwa miaka mitatu kabla, siku ya tatu ya matanga ya Donat, mume wa Victorine. Donat alikuwa fundi wa reli, mtoto wa mtu wa reli aliyeshuka kutoka Kabalo na sanduku moja. Nyumba hii ya Naviundu aliijenga tofali kwa tofali, na umeme akauingiza mwenyewe, kwa waya alizookota hapa na pale, akizikaza ukutani kwa misumari aliyoipinda kwa nyundo. Sasa siku hiyo ya matanga, taa ya barazani ikatoa cheche juu ya vichwa vya waombolezaji. Guelor akapanda kwenye stuli, akachungulia. Halafu, mbele ya kwaya, mbele ya majirani, mbele ya mjane mwenyewe aliyekaa chini kwenye mkeka, akatamka kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Ule alifanya hii kazi alikuwa anatafuta kuua bantu."

Mtu akamvuta suruali, akamnong'oneza ni kazi ya nani. Guelor akashuka na kuomba radhi, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kuhusu waya hakukosea hata kidogo. Alikosea pa kusemea. Kwao ni Kilwa, ile ya ziwani, kwa wavuvi, na Victorine alisema baadaye kwamba watu wa kule wamezoea kupiga kelele ili wasikike upande wa pili wa ziwa. Alisema na mengine mabaya zaidi, ambayo Dorine, binti yake, mke wa Guelor, hakuyapeleka nyumbani.

Kwa desturi yao, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawaitani majina, na mkwe hakanyagi chumba anacholala mama mkwe. Siku hizi Lubumbashi wengi wameilegeza. Utawaona kwenye harusi wamekumbatiana wakipiga picha. Victorine naye alikuwa ameilegeza. Baada ya matanga akaikaza upya, kamba yote, kwa sababu ilimpa ruhusa ya kutomwona Guelor. Mkwe akiingia, yeye anageuza kiti. Akiwa na neno, anampa Dorine, na Dorine analivusha hatua mbili hadi kwa mumewe, ingawa mumewe amekwisha kulisikia. Guelor alivumilia. Mtoto wake alilala kwa bibi siku nyingi za wiki, maana Dorine aliondoka alfajiri kwenda kuuza mboga sokoni, na huwezi kugombana na mtu anayekulelea mtoto.

Jumatano hiyo Dorine hakwenda sokoni, alikuwa pale kwa mama yake, na Guelor alipita saa moja asubuhi kabla ya kwenda kazini. Abigaïl akamrukia, akamwambia habari ya kitanda. Guelor akabaki amesimama sebuleni. Pazia la chumba cha mama mkwe lilikuwa limefungwa nusu, na pale alipo, bila kukanyaga kizingiti, aliona waya ukishuka ukutani nyuma ya kitanda, ngozi yake imeliwa na panya, shaba inang'aa. Pamoja na hayo mtu alikuwa ameufunga na mfuko wa plastiki na uzi wa kushonea. Mtu huyo alikuwa Victorine.

Guelor hakuuliza ruhusa. Alitoka hadi kwenye ukuta wa geti, ambako kisanduku cha umeme kimetundikwa, akakifungua, akashusha ile swichi kubwa inayokata nyumba nzima, ambayo mjini wote wanaiita disjoncteur. Halafu akarudi ndani akamweleza mkewe kwa ukali. Waya umegusa kitanda, sakafu ina maji, na mtoto siku moja atashika chuma usiku asikiachie tena. Anakwenda mjini kununua waya mpya na bomba la plastiki la kuupitishia. Dorine akamwite mzee Casimir, mdogo wa marehemu, aje kufungua njia ya kuingia chumbani. Na hadi atakaporudi, mtu asiguse disjoncteur. Yote haya Victorine aliyasikia akiwa amegeuza kiti.

Saa mbili umeme ukaondoka mtaa mzima. Redio ya jirani Clotilde, ng'ambo ya ukuta, ilikatika katikati ya wimbo. Hakuna aliyeshangaa, ulikuwa wakati wa délestage. Majuma yale Naviundu ilipewa umeme usiku na alfajiri, ikanyang'anywa saa mbili, ikarudishiwa saa kumi jioni. Watu walipiga pasi kabla ya jua. Na mafundi wa mtaani walikuwa na tabia yao mbaya: délestage ikifika, wanashika waya kwa mikono mitupu, wakiamini ratiba kama wanavyoamini misa ya Jumapili. Guelor hakuwa mmoja wao. Alikuwa akiwatukana kwa jambo hilo.

Dorine alipokwenda kumwita mzee, Victorine alibaki na mtoto. Aliketi akachambua mboga za lengalenga. Kila akiinua macho aliona kile kisanduku. Kilichomkera si kukosa umeme, umeme wenyewe haukuwepo kwa mtu yeyote. Kilichomkera ni kwamba mtu wa samaki ameingia katika nyumba ya Donat na kukata alichokiunga Donat, kama vile anafunga bomba la kwake. Akainuka, akajipangusa mikono kwenye kitenge, akafungua kisanduku na kuipandisha swichi juu. Ilisema "ta". Haikuwaka taa, hakukusikika redio, hakupata chochote kwa kufanya vile. Ilikuwa jeuri tupu, na moyo wake ukapoa kidogo. Akarudi kwenye lengalenga zake.

Casimir alifika saa nne, akitembea kwa magoti yake mabovu, akaomba kiti. Kivuli pekee uani saa hizo kilikuwa cha ukuta wa geti, kwa hiyo kiti kikawekwa pale, mgongo ukiegemea ukuta, kichwa chini kabisa ya kisanduku. Mzee huyu kukaa kwake ni kazi ya dakika tatu, na akishakaa haombwi kusimama.

Karibu na saa sita Guelor akarudi, waya begani, kuku kwapani. Kuku alikuwa wa kufungulia njia. Casimir akampokea, akampima kwa mkono, akanena maneno yanayonenwa: mkwe amepewa ruhusa ya kukanyaga chumba cha mama mkwe, leo tu, kwa kazi hii tu. Guelor akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima, akasimama. Halafu akaangalia kisanduku.

Hapo ndipo adabu ilipomponza. Ili akifungue, ilibidi mzee ainuke. Fundi aliyeitwa kutoka mtaa mwingine angesema samahani, mzee, naomba unipishe, na mambo yangekwisha. Lakini mkwe ambaye sasa hivi amepiga magoti kuomba njia hawezi kumwinua baba mkwe kitini kwa ajili ya kuchungulia sanduku. Guelor alisita, mkono nusu hewani, kisha akaushusha. Alijua bisibisi yake ya kupimia haitamsaidia. Umeme ukiwa umekatwa mtaa mzima, waya uliokatwa kisandukuni na waya usiokatwa zote zinakaa kimya. Basi akamgeukia Dorine.

"Uulize ba mama: kuko muntu aligusa disjoncteur?"

Dorine akauliza. Victorine alikuwa amewapa mgongo, kisu mkononi. Angesema ndiyo, ingembidi aeleze mbele ya mkubwa wa ukoo kwa nini aliigusa. Neno likatoka kabla hajalipima.

"Nani angeigusa? Miye niko na kazi yangu."

Dorine akavusha jibu. Guelor akashukuru, akavua viatu, akaingia chumbani.

Victorine alijifanyia hesabu. Umeme unarudi saa kumi. Kazi ya waya mmoja, hata kwa fundi mzembe, haipiti saa tisa. Guelor akishatoka na mzee akishainuliwa kwenda kula, yeye atapita pale kimyakimya na kuishusha ile swichi, na dunia itaendelea. Hesabu ilikuwa nzuri. Aliirudia mara ya pili, na ya tatu.

Ndani, Guelor aliburuta kitanda, akaanza kung'oa. Dirisha lilikuwa wazi juu ya kichwa cha Victorine, na vitu vikaanza kutupwa nje: kipande cha waya, kipande kingine, misumari iliyopindwa, vumbi la chokaa. Alimsikia akimwambia Dorine, aliyesimama mlangoni kumshikia bisibisi, kwamba hajui nyumba hii imewezaje kutoungua. Msumari mmoja uliangukia kwenye sinia la mboga. Victorine akauokota. Aliujua. Alikuwa amemshikia Donat ngazi siku alipoupiga, akiwa na mimba ya Dorine, na Donat alikuwa akiimba ovyo juu ya ngazi ili kumchekesha.

Chuki ikampanda. Na nyuma ya chuki likaja wazo: umeme ukirudi sasa hivi, je? Tuseme ukweli wake wote. Wazo hilo hakulifukuza papo hapo. Alilikaribisha, akaketi nalo kwa muda wa kuchambua mashina mawili ya lengalenga, akaona Guelor amenyamaza, mdomo ule umenyamaza milele. Kisha akaogopa. Aliogopa nafsi yake kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote, akainuka kwa haraka hadi sinia likamwagika.

Alipiga hatua nne kuelekea geti. Casimir akafungua jicho moja, akauliza anatafuta nini. Maneno yalikuwepo mdomoni, yalikuwa machache tu. Tazama uso wa mzee, na kuku miguuni pake, na njia aliyoifungua kwa maneno ya mababu. Na yeye, mke wa kaka yake, aseme kwamba ameongopa mbele ya yote hayo. Victorine akajibu kwamba anatafuta maji. Mzee akamwambia maji yako jikoni, akafumba jicho. Naye akarudi akakaa, na kuanza kuokota mboga moja moja kutoka mchangani.

Umeme ulirudi saa saba na dakika ishirini.

Kwanza zilisikika kelele kutoka chini, upande wa mto, zikipanda nyumba kwa nyumba kama kila siku: courant, courant, watoto wote wa Naviundu kwa sauti moja. Redio ya Clotilde ikaendelea na wimbo mwingine. Baadaye Victorine hakukumbuka alivyovuka ua. Alikumbuka tu uzito wa Casimir, alipomsukuma yeye na kiti chake na kuku wake pembeni, mzee akaanguka kwa ubavu, na mkono wake ukaikuta swichi na kuivuta chini kwa nguvu hata kucha ikavunjika.

Chumbani Guelor alikuwa ameshika koleo mkono mmoja, koleo lenye mpira uliopasuka, na mkono wa pili ameegemea chuma cha kitanda. Dorine alimwona ameganda, meno yamekazana, mwili unatetemeka bila sauti. Akasahau yote aliyofundishwa na mumewe kuhusu kutomgusa mtu aliyeshikwa na umeme. Alinyoosha mikono yote miwili kumvuta. Ilibaki kama upana wa kiganja, Guelor alipoanguka mwenyewe sakafuni, kwa sababu pale getini swichi imekwenda chini.

Hakufa. Katika zahanati walimsikiliza moyo siku mbili, wakamfunga mkono wa kulia uliokuwa umeungua hadi nyama ya kiganja, wakamruhusu Ijumaa. Na hapo likatokea jambo ambalo Victorine hakuliweka kwenye hesabu yake. Akawa shujaa. Clotilde alikuwa amechungulia juu ya ukuta, na kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulijua kwamba Mama Victorine, anayemchukia mkwe wake kama ugonjwa, amemwangusha mzee wa ukoo chini ili kumwokoa. Wanawake wa parokia walikuja kumshika mkono. Walisema damu ni damu. Casimir alionyesha nyonga yake iliyovimba kwa kila mgeni, akijisifu nayo kana kwamba alijeruhiwa vitani. Victorine aliinamisha kichwa na kusema ni Mungu, na wao wakamsifu pia kwa unyenyekevu.

Kwa Guelor mambo yalikwenda upande mwingine. Fundi aliyesahau kukata umeme, wakasema. Fundi aliyewatukana wenzake miaka yote kwa kuamini délestage, kumbe yeye ndiye wa kwanza. Mwenye saluni aliyemngoja kwa kazi ya juma lile akatuma ujumbe kwamba amepata mwingine. Victorine alizisikia habari hizi kutoka kwa Dorine, na mara ya kwanza zilimpendeza, hilo nalo lisemwe. Yule aliyelichafua jina la Donat mbele ya watu sasa la kwake linaburutwa matopeni. Alingoja utamu huo ukae. Haukukaa hata siku nzima.

Jumapili baada ya misa waliketi uani, viti kwa duara: Casimir, Dorine na mtoto magotini, Guelor mwenye bandeji nyeupe, na Victorine ambaye kiti chake kilikuwa kimegeuzwa nusu, kwa mazoea. Guelor ndiye aliyeomba kikao. Alikuwa amekonda kwa siku nne tu. Hakumtazama mama mkwe. Alisema akimwelekea mkewe, kama desturi inavyotaka, akimtaja mama mkwe kwa wingi wa heshima, na sauti yake haikuwa ile ya kusikika hadi barabarani.

"Uambie ba mama aksanti. Miye nilisahau kukata courant, bo njo baliikata. Balinizala mara ya pili."

Kisha akaeleza lililomleta. Anaacha kazi ya umeme. Binamu yake Jeannot yuko Kambove kwenye mashimo ya shaba, amemwambia kuna nafasi kwa mtu mwenye nguvu. Casimir akaanza kusema kwamba kila mtu hukosea, kwamba mashimo yanaua kuliko waya, kwamba mkono utapona. Guelor akatikisa kichwa. Si mkono.

"Mukono yangu naiona, iko inaishusha. Naiona muzuri. Lakini ilikuwa juu. Sasa kama macho yangu inanidanganya, nitashika waya ya nani tena?"

Dorine akainama. Alisema polepole kwamba tangu Ijumaa mumewe hachomeki hata pasi. Anasimama mbele ya ukuta, anaangalia, halafu anamwita yeye. Guelor hakubisha. Alishuka kwenye kiti, akapiga magoti mbele ya kile kiti kilichogeuzwa nusu, akapiga makofi ya heshima. Yalikuwa makofi ya mkono mmoja wenye bandeji, hayakutoa sauti.

Victorine aliyatazama. Miaka mitatu alikuwa amepigania kitu kimoja tu, kwamba mtu aliyefanya kazi yake kwa mikono yake asisemwe kuwa muuaji. Kwa ajili ya hicho alikuwa amenuna, amegeuza viti, amekula peke yake sikukuu tatu za Noeli. Na sasa mbele yake palikuwa na fundi aliyeifanya kazi yake sawasawa, na mtaa mzima unamwona mzembe, na mwenyewe anaamini, na atakwenda kuzikwa na udongo wa Kambove akiwa anaamini. Aliona haya hadi masikio yakamwaka. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Hilo alilifikiri pia, na halikumpendeza.

Akageuza kiti. Akamtazama usoni, akamwita jina, vitu viwili ambavyo mama mkwe hafanyi.

"Guelor. Uliishusha. Njo miye nilipandisha."

Guelor alibaki magotini. Halafu akauangalia mkono wake wa bandeji, akaufungua vidole na kuvifunga taratibu, akisikia uchungu na kuurudia.

"Na wakati niliuliza?"

"Nilikudanganya. Nilikuchukia."

"Na sasa?"

"Hata sasa. Lakini kazi yako haikuwa na kosa."

Guelor akasimama. Hakutukana, na Victorine alitamani atukane, maana tusi angelijibu. Alipangusa vumbi magotini kwa mkono wa kushoto, akamwambia mzee Casimir kwamba safari ya Kambove imekufa, kesho anarudi kazini, akaelekea getini bila kumuaga mtu mwingine. Ni Dorine aliyebaki. Alikuwa amempakata Abigaïl kwa nguvu hata mtoto akaanza kujinyonganyonga.

"Mama, mukono yangu ilikuwa karibu kumugusa. Tungekufa babili."

Victorine alitaka kusema kwamba analijua hilo, kwamba tangu Jumatano halali kwa ajili ya hilo hasa. Dorine hakungoja. Aliingia ndani akakusanya nguo za mtoto kwenye mfuko: magauni mawili, viatu vya misa, kikombe chake cha plastiki. Alipotoka, Abigaïl alimpungia bibi yake mkono kwa furaha, akidhani wanakwenda kutembea. Casimir, alipokwisha kuinuliwa kitini na kupewa fimbo yake, alimwambia shemeji yake kwamba ulimi hauna mfupa, na kwamba mtu mwenye akili huacha jambo likijifunika lenyewe. Victorine akamwambia aende nyumbani.

Chumba kilibaki kama kilivyokuwa, kitanda katikati, ukuta umetobolewa, waya mpya umening'inia. Victorine alilala sebuleni kwenye mkeka, na nyumba gizani, maana swichi hakuigusa. Aliungoja ujumbe kutoka kwa Dorine Jumatatu, hakuupata. Jumanne asubuhi akaja kijana mmoja asiyemjua, ana begi la vyombo, akajitambulisha kwa jina la Dieumerci, fundi, ametumwa na Guelor kumaliza kazi iliyobaki. Victorine alifurahi kuliko ilivyostahili. Alimpa kiti, akamletea maji, akamwonyesha kisanduku kiko wapi. Alianza kumweleza kwamba disjoncteur iko chini, kwamba imekaa chini tangu siku ile na hakuna aliyeigusa, anaweza kuapa.

Kijana alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akampita, akafungua kisanduku, akaangalia mwenyewe, akatoa kufuli dogo mfukoni, akafunga swichi ikiwa chini, na ufunguo akauvaa shingoni kwa kamba.

"Mutanisamehe, mama," alisema. "Guelor alisema hapa nisiulize muntu kitu."

Victorine akampisha mlangoni.